Kioo Kilipigwa Jua, Nikaumbuka Mimi

Jamani, leo nimefedheheka mbele ya watu wazima wenye heshima zao, na hasira bado sijaimaliza.

Nawaandikia nyote kwa mpigo, wana darasa mlioko Dar, Mwanza na huko ng'ambo, kwa sababu nikisema nimwandikie mmoja mmoja nitapasua kibodi ya watu. (Mwenye kafe keshaanza kunitupia jicho.) Someni mpaka mwisho ndipo mnijibu. Na msijibu upuuzi.

Mnakumbuka nilirudi kutoka masomoni na kipande cha kioo. Kinaenea kiganjani, kimekalishwa juu ya kibati cheusi, na ukikitazama huoni kitu. Ndani yake kuna njia ya mwanga, nyembamba kuliko unywele, iliyochorwa kwa leza. Katikati ya njia hiyo leza imechora tena mistari kwa maelfu, imepangana sawasawa kama mistari ya kitambaa cha suti. Mwanga ukipita humo, rangi moja tu inarudishwa ilikotoka. Rangi nyingine zinapita bila kuulizwa. Chukulieni ni mlinzi wa lango aliyeambiwa amzuie mtu mmoja, na sura yake anaijua. Ukipandisha sauti mbili kwenye mwanga wa rangi mbili, ukazipitisha pamoja kwenye uzi mmoja wa kioo, yeye anakuchagulia ipi uisikie. Hakuna kompyuta, hakuna swichi. Kazi yote inafanyika mwanga ukiwa njiani. (Mimi nikieleza hapa machozi yananilengalenga. Watu wa kwetu wanapiga miayo.)

Sasa basi. Kituo chetu cha ufundi hapa Dodoma kinangoja kubinafsishwa, na tumeambiwa kila chumba kijilipe chenyewe. Changu ni cha mwisho kabisa, kina kuta nene na dirisha dogo, na ndicho chumba pekee ambacho mchana hakigeuki tanuri. Leza zangu zinataka chumba cha namna hiyo. Bahati mbaya, na mwekezaji mmoja mwenye kafe ya intaneti na mashine za fotokopi naye anakitaka. Leo ilikuwa siku ya maonyesho. Mgeni rasmi angetoka wizarani, atazame, aseme neno la mwisho. Mkurugenzi wetu aliniambia kwa mdomo wake: "Rukia, mridhishe mgeni rasmi, chumba ni chako."

Ishikeni hiyo sentensi.

Asubuhi mimi na Yona tulipanga vitu. Yona ni fundi mwenzangu, mtu wa Mvumi, mpole mpaka anakera. Ndani ya chumba tuliweka leza mbili. Ya kwanza ilibeba muziki wa kaseti, kwaya ya kanisa la kwao Yona. Ya pili ilibeba maikrofoni, yaani sauti yangu mimi. Uzi wa kioo ukatoka kwa tundu la pembeni ya dirisha mpaka mezani nje, kwenye kioo changu, na kutoka hapo kwenye kipokeo na spika kubwa. Kioo kilichorwa kimzuie mwenye maikrofoni. Mpango ulikuwa mwepesi: mimi nipige domo ndani, wageni wasikie kwaya peke yake. Halafu tukichomoe kioo, wasikie sauti zote mbili zikigombana. Tukirudishe, kwaya ibaki. Hata mtoto angeelewa.

Tulijaribu. Ikafanya kazi. Yona akasema, "Dada, leo chumba tunacho."

Ndipo akafika Mama Itifaki.

Mama Itifaki ndiye mpanga sherehe wa kituo. Hana jina lingine, au analo na hakuna anayethubutu kulitumia. Aliitazama meza yangu iliyokuwa imejibanza barazani, akaguna.

"Meza ijifiche hivi kama imeiba? Ije mbele ya turubai."

"Mama, pale mbele..."

"Mgeni rasmi anaanzia mbele!"

Ikabebwa. Ikatandikwa kitambaa cha kijani kibichi. Wakati huo jengo lilikuwa bado linaitupia kivuli, kwa hiyo sikubisha sana. (Ningebisha! Ningelala juu ya ile meza!) Kisha akachukua utepe mwekundu akaizungushia meza yote, akafunga ua kubwa mbele.

"Kuanzia sasa hakuna kugusa mpaka mgeni rasmi akate utepe."

"Hata mimi?"

"Wewe nani?"

Nikarudi nyuma ya utepe. Alitaka pia mgeni akute mambo yanaendelea, kwa hiyo kwaya iliwashwa papo hapo ikaanza kumsifu Mungu kwa viti vitupu.

Baba yangu aliwahi. Mnamjua, ana duka la vitambaa kule Makole. Alivaa kanzu mpya na lile koti lake la harusini, mkononi mwavuli wa jua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Akaenda moja kwa moja mstari wa mbele, akaketi jirani na Mkurugenzi, na kabla sijageuka nikamsikia: "Yule ndiye binti yangu. Amesoma Ulaya. Anatengeneza miwani."

Miwani! Nimemweleza nikachoka. Nimemchorea mpaka kwenye karatasi za kufungia vitambaa.

Tukangoja. Mgeni rasmi alikuwa wa asubuhi, lakini mnawajua wageni rasmi. Umeme ukakatika, jenereta likawashwa, nalo limefungwa ukutani nyuma ya chumba changu, linanguruma mpaka meno yanacheza. Nilikaa ndani na maikrofoni yangu. Nje watu wakajipepea na ratiba.

Mara Mkurugenzi akaja dirishani.

"Rukia, sherehe ikiisha anza kufungasha fungasha kidogo. Mwekezaji anapita jioni kupima chumba."

"Kupima? Si ulisema mgeni rasmi ndiye..."

"Kupima tu, bwana. Kupima si kuchukua."

Akaondoka zake anafuta jasho. Mimi nikafunga dirisha. Nikatia komeo mlango. Nilitaka kupiga kitu, lakini kila kitu mle ndani ni changu na hakina spea. Nikatazama maikrofoni. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Nikajiambia, Rukia, wewe ndiye mtu pekee Dodoma nzima mwenye ruhusa ya kusema chochote leo. Sema. Mlinzi yuko langoni.

Nikasema.

"Kupima tu! Anakuja kupima chumba kama wanavyopima kaburi na mgonjwa bado anakunywa uji! Na huyu Mkurugenzi, huyu! Leza na tochi hajui ipi ni ipi! Aliwahi kuniuliza kama leza yangu inaweza kuchoma mahindi!"

Nikajisikia vizuri. Jamani, vizuri sana. Nikasogeza kiti.

"Na Mama Itifaki na utepe wake! Angepata nafasi angefunga utepe mlango wa choo, watu wabanwe nje mpaka mgeni rasmi akate!"

(Ya nje nilisimuliwa na Yona baadaye, lakini lazima myajue sasa ili mnionee huruma. Jua lilikuwa limeshapanda. Kivuli cha jengo kilikuwa kimejiondokea kimya kimya, na kioo changu kilikuwa peupe, juu ya kibati cheusi, juu ya kitambaa kizito, kinachomwa na jua la Dodoma. Kioo kikipata moto, ile mistari ya ndani inabadilika kidogo tu. Kidogo hicho kinatosha. Mlinzi anasahau sura ya mtu aliyeambiwa amzuie. Kwanza wageni walisikia kama mtu anayenong'ona chini ya kwaya. Mzee mmoja akasema hiyo ni sauti ya nne, besi. Kisha besi ikataja mahindi.)

Mimi ndani sijui hili wala lile. Jenereta linanguruma. Nikaendelea.

"Na mgeni rasmi mwenyewe! Leo Jumamosi! Mnafikiri yuko wizarani? Yuko mnadani Msalato, anatafuna mbavu za mbuzi, dereva kamshikia pilipili! Sisi tunaiva hapa, yeye anauliza kama kuna figo!"

Nikasikia kicheko nje, kikubwa, mpaka kikapenya jenereta. Nikasema, aa, basi kwaya imewakolea.

(Gari la mgeni rasmi lilikuwa limeingia getini dakika hiyohiyo. Alishuka na kijiti cha meno mdomoni.)

Yona alikuwa ameshakimbilia mezani azime spika. Mama Itifaki akamsimamia mbele, mikono yote miwili kaitanua.

"Hakuna kupita!"

"Mama, nazima spika tu."

"Utepe haujakatwa!"

"Mama, anakutukana na wewe!"

"Anitukane. Utepe haujakatwa."

Ndipo Yona akaja kugonga mlango wangu kwa ngumi.

"Dada Rukia! Fungua! Unasikika!"

"Siwezi kusikika, Yona! Kioo kinanizuia!"

Kicheko cha nje kikafumuka upya. Sikukitilia maanani. Nilikuwa nimekasirishwa na Yona sasa, kwamba hata yeye haamini kazi yetu.

"Ile mistari imechorwa kwa leza, Yona! Haifutiki! Hata nikimtaja Mkurugenzi kwa ukoo wake hakuna atakayesikia neno!"

(Nikamtaja kwa ukoo wake.)

Na hapa, marafiki zangu, ningenyamaza ningekuwa nimeponea chupuchupu. Maana ningekuwa nimewatukana wakubwa tu, na wakubwa wamezoea. Lakini hasira ikishaanza kushuka inavuta na vya chini. Nikaketi.

"Hata baba yangu," nikaiambia maikrofoni. "Amekaa pale mbele na koti la harusi, anawaambia watu natengeneza miwani. Nimekula baridi ya watu, nimelia kwenye vyumba vya watu, nimerudi na mwanga mkononi. Na baba yangu mzazi haoni. Nikikosa chumba hiki hataona kamwe. Atakufa akijua mimi ni wa miwani."

Nikajifuta uso kwa mtandio. Nikagundua kwamba nje hakuna kicheko tena. Wala kwaya. Lilikuwa linasikika jenereta peke yake. Nikafikiri kaseti imeisha. Nikafungua dirisha, maikrofoni bado mkononi, nikachungulia.

"Mbona kimya?" nikauliza.

"MBONA KIMYA?" ikauliza spika.

Turubai zima limenigeukia. Mkurugenzi alikuwa anatazama viatu vyake kama vimeanza kuota nyasi. Mama Itifaki alikuwa kasimama wima kando ya utepe, sinia la mkasi mkononi. Na mbele ya meza alisimama mtu mnene mwenye suti, kijiti cha meno kikiwa pembeni mwa mdomo. Baba sikuthubutu kumtazama.

Sikujua la kufanya. Nikaamkia.

"Shikamoo, Mheshimiwa," nikasema. Spika nayo ikamwamkia.

"Marahaba, binti," akajibu mgeni rasmi. "Endelea tu. Ila zilikuwa za kondoo, si za mbuzi."

Watu wakaangua kicheko. Kuna mama alishikilia nguzo ya turubai. Mgeni rasmi akachukua mkasi, akakata utepe, Mama Itifaki akapiga makofi ya kwanza kama vile hapakuwa na lolote lililotokea, na mimi nikatoka mbio mpaka mezani, nikaweka kidole kwenye kile kibati cheusi.

Nikaungua.

Ndipo nikaelewa. Na hapo hasira yote niliyokuwa nimewamwagia watu ikanirudia mwenyewe. Kule nilikosoma jua ni habari ya kusikia. Kila jaribio nimelifanya ndani, kwenye baridi. Joto nalijua! Nimelifanyia mtihani! Nikafaulu! Na mimi nimezaliwa Dodoma, nimekuzwa na jua hili, limenibabua nikitoka shule kila siku ya Mungu, halafu nikasahau kwamba lipo.

Nikamweleza Mheshimiwa habari ya mlinzi na lango, na mlinzi aliyepigwa jua mpaka akaanza kumzuia asiyehusika. Sijui hata kama niliyapanga maneno vizuri. Nilipomaliza nikasikia kitu kikifunguka nyuma yangu, pwaa. Baba. Alikuwa amekuja na mwavuli wake, akausimamisha juu ya kioo, akatulia nao hapo, koti la harusi limemganda mgongoni kwa jasho.

Yona akaingia chumbani, akashika maikrofoni, akaanza kuhesabu mbuzi wa baba yake mmoja mmoja kwa majina. Mwanzo tulimsikia kwa spika vizuri kabisa. Tukangoja. Mimi nikapepea kwa ratiba. Polepole mbuzi wakaanza kufifia. Kwaya ikajitokeza kwa mbali, ikakaribia, ikajaa. Dirishani tulimwona Yona mdomo unakwenda, mikono inakwenda, na neno lake halisikiki hata moja.

Watu wakapiga makofi. Makofi ya kweli, si ya ratiba.

Mgeni rasmi akainama akakitazama kioo, akamtazama Yona, akakitazama kioo.

"Yule pale anasema?"

"Anasema, Mheshimiwa."

"Na hiki ndicho kinachomnyamazisha?"

"Hakimnyamazishi, Mheshimiwa. Kinachagua nani apite."

"Hm." Akamgeukia Mkurugenzi. "Nahitaji kimoja cha vikaoni."

Kicheko tena. Mkurugenzi naye akacheka, kwa shida. Mimi moyo ulipaa. Nikasema basi, aibu imelipa. Chumba ninacho!

Mheshimiwa akapanda jukwaani, akavaa miwani (ndiyo, miwani, Mungu ana mambo), akatoa hotuba mfukoni. Imepigwa chapa. Imekunjwa vizuri. Ilipigwa chapa kabla hajaonja hata ubavu mmoja. Akasoma kwamba anafurahi kutangaza kuwa, katika kwenda na wakati, chumba cha mwisho cha kituo hiki kuanzia Jumatatu kitakuwa huduma ya intaneti na fotokopi kwa wananchi wote. Makofi. Mama Itifaki alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Nikamfuata Mkurugenzi kwenye soda.

"Ulisema nikimridhisha."

"Rukia, umemridhisha sana," akaniambia, na nawaapia hakuwa ananitania. "Umeona alivyocheka?"

Nikaenda mezani kukichomoa kioo changu.

Tukarudi kwa miguu, mimi na Baba, kuelekea Makole. Kioo kilikuwa kwenye kisanduku chake, kisanduku kimo kwenye mfuko wa koti la harusi, na mwavuli aliubeba upande ule wa mfuko. Tukakaribia dukani.

"Kwa hiyo si miwani," akasema Baba.

"Si miwani, Baba. Nisamehe, nilikuwa..."

"Ni mlinzi."

"Ni kama mlinzi."

Akatembea kidogo. "Wateja wangu wote nimewaambia miwani. Kuna wawili wanangoja umalize, nao hawaoni vizuri." Akapumua. "Sasa sijui nianze na nani."

Akafungua duka, akapita kaunta, akafungua na stoo ya nyuma. Mnaijua ile stoo, tulikuwa tunajificha humo. Kuta za udongo, dirisha hakuna, kwa sababu jua likiingia kitambaa kinapauka na mteja anakurudishia. Akaanza kusukuma majora ya vitambaa pembeni, khanga huku, suti kule. Nikamsaidia. Vumbi likatujaa puani. Nafasi ikapatikana, ya meza moja.

"Mlete hapa mlinzi wako," akasema. "Huku jua halifiki."

Nililia, ndiyo. Msiniulize zaidi ya hapo.

Nimemwacha anapima ukubwa wa meza kwa mkono wake, kama anavyopima kitambaa, anamweleza jirani wa duka la pili kwamba binti yake anazuia watu kwa mwanga. Nitamrekebisha kesho. Mimi nikaja huku kuwaandikia. Na ndiyo, kafe hii ni ya mwekezaji yuleyule, ndiyo pekee iliyo karibu, na kila herufi mliyoisoma nimeigonga kwa nguvu zangu zote.

Mkitaka kucheka, chekeni. Ila ingieni kivulini kwanza.